Kwa nini hadithi ya mwanamke wa kwanza haiachi kusimuliwa upya?

Jibu fupi: kwa sababu ilitumika kama sheria. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, mwanamke anakatazwa kufundisha na kumtawala mwanamume, na sababu inatolewa papo hapo: Adamu ndiye aliyeumbwa kwanza, na aliyedanganywa ni mkewe, si yeye. Kwa karne nyingi hoja hiyo ilitosha kumnyamazisha mwanamke kanisani, hata nje ya kanisa. Hivyo aliyetaka kusema hadharani ilimbidi kwanza arudi Edeni akaifungue kesi upya.

Mwaka 1451, mjini Verona, msomi Isotta Nogarola alijibizana na Ludovico Foscarini, gavana wa mji huo, juu ya swali moja: kati ya Adamu na Hawa, nani alikosa zaidi? Nogarola hakupinga kwamba mwanamke ni dhaifu. Alilipokea dai hilo, kisha akaligeuza: kama Hawa aliumbwa akiwa na akili hafifu, basi kosa lake ni jepesi kuliko la yule aliyeumbwa mkamilifu. Hoja ina makali, ingawa inauma kidogo kuona mwanamke msomi kiasi kile akilazimika kujitetea kwa kukubali kwamba hana akili.

Mshairi wa Kiingereza Aemilia Lanyer, mwaka 1611, alipita njia nyingine. Yeye alisema Adamu aliipokea amri kutoka kinywani mwa Mungu kabla Hawa hajavuta pumzi. Fungua Mwanzo uone. Katazo la tunda liko sura ya 2, aya ya 16 na 17. Mwanamke anaumbwa aya ya 22. Nyoka anapomuuliza, mwanamke anataja jambo ambalo halimo katika amri ya awali: “wala msiyaguse”. Alilisikia kwa nani? Maandiko hayasemi. Waandishi wa kifeministi, yaani wanaotetea usawa wa wanawake, wameingilia katika nyufa za namna hii, na mara nyingi hawabadilishi hata nukta ya maandishi yenyewe.

Kwa msomaji wa Qur'ani kesi hii ina sura tofauti. Humo mke wa Adamu hatajwi kwa jina, na Shetani anawatelezesha wote wawili. Katika Surat Twaha anayetajwa kuwa alimuasi Mola wake ni Adamu. Wasomi wa Kiislamu kama Amina Wadud wamesimama hapo kusema kwamba lawama ya mwanamke peke yake haikutoka katika kitabu hicho.

Kuthubutu huko kulikuwa na gharama. Elizabeth Cady Stanton wa Marekani alitoa mwaka 1895 sehemu ya kwanza ya ufafanuzi wa Biblia kwa jicho la wanawake. Mwaka uliofuata, chama cha wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, ambacho yeye mwenyewe aliwahi kuwa rais wake, kilijitenga na kitabu hicho kwa kura 53 dhidi ya 41.

Sasa tuje kwa Lilith, maana hapa ndipo pananoga. Mwanzo ina simulizi mbili za uumbaji: katika sura ya 1 mwanamume na mwanamke wanaumbwa pamoja, katika sura ya 2 mwanamke anatoka ubavuni. Je, yule wa sura ya 1 alikwenda wapi? Maandishi ya Kiebrania yaitwayo Alfabeti ya Ben Sira, ya kati ya karne ya 8 na ya 10, yanampa jina Lilith. Yeye na Adamu wametoka udongo mmoja, na wanagombana kitandani: hakuna anayekubali kulala chini. Lilith analitamka Jina la Mungu lisilotamkwa, anaruka na kutokomea. Malaika watatu wanamfuata hadi baharini. Anakataa kurudi, na adhabu yake ni kufiwa na watoto wake 100 kila siku. Naye huwadhuru watoto wachanga, isipokuwa waliovaa hirizi yenye majina ya malaika hao. Wataalamu wengi huyaona maandishi hayo kuwa ya kejeli, na kweli yamejaa mizaha michafu.

Mwaka 1972 mwanateolojia Myahudi wa Marekani, Judith Plaskow, aliipokea hadithi hiyo akaiendeleza. Kwake, Hawa anamwona Lilith nje ya ukuta wa bustani, anapanda tawi la mti, anaruka upande wa pili, na wanawake hao wawili wanazungumza mpaka wanakuwa marafiki. Madhara kwa watoto wachanga yanabaki kuwa hadithi za kutisha tu anazosimulia Adamu. Wapo wanaolalamika kwamba hapo historia imesafishwa, na si uongo. Lakini mwandishi wa Alfabeti ya Ben Sira naye alikuwa ameokota Lilith wa zamani zaidi: kwenye mabakuli ya udongo yaliyofukiwa chini ya nyumba huko Mesopotamia, Lilith ni pepo anayeandikiwa talaka ili atoke nyumbani, na Adamu hamhusu kabisa.

Kwa Wagiriki ni vivyo hivyo. Hesiod, mshairi wa yapata mwaka 700 KK, hasemi popote kwamba Pandora, mwanamke wa kwanza katika hadithi zao, alifunua mtungi wa maovu kwa udadisi. Hilo limeongezwa baadaye. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina kikombe cha Athene cha karne ya 5 KK kinachomwonyesha amesimama kati ya miungu Athena na Hephaestus wakimpamba. Mtungi haupo, na jina lililoandikwa ni Anesidora, mtoa zawadi kutoka ardhini. Msomi wa Uingereza Jane Ellen Harrison alitumia ushahidi wa aina hiyo mwaka 1903 kudai kwamba Pandora alikuwa mungu wa ardhi aliyeshushwa cheo. Si wote wanaokubali, na kusema kweli kikombe kimoja ni kidogo kubeba dai zito hivyo. Ila Hesiod mwenyewe alimsimulia mara mbili, na katika shairi moja kati ya hayo mawili mwanamke huyo hana jina wala mtungi.