Neno moja moja: kwa nini tunacheza katika tiba ya wasiwasi wa kijamii

Karibu kila kikundi ninachokiongoza kina mtu huyu. Tunakaa duara, watu wanane, tunatunga hadithi kwa kupokezana: kila mmoja anatoa neno moja tu, anayefuata anaendeleza. Zamu ikimfikia yeye, anasema "na." Duara linazunguka, hadithi inashika kasi, zamu inamrudia. "Ya." Mzunguko wa tatu, "na" tena. Hajakosea kitu. Sarufi inaruhusu, hadithi inasonga, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Ndivyo anavyoishi nje ya chumba hiki pia.

Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, naendesha vikundi vya watu wenye wasiwasi wa kijamii. (Ninaowasimulia hapa nimewachanganya, asitambulike yeyote.) Simaanishi aibu ya kawaida, ile ya kuinamisha macho mbele ya mgeni ikaisha baada ya robo saa. Nazungumzia hofu ya kutazamwa, kupimwa na kuchekwa, inayomfanya mtu aache masomo, akatae cheo kwa sababu cheo kina mikutano, au akae na simu mkononi nusu saa akirudiarudia sentensi ya kwanza kabla ya kupiga. Nikimwambia mtu wa namna hiyo kwamba tutacheza michezo ya kubuni papo kwa papo, hunikodolea macho. "Dada, mimi kusalimia tu kunanishinda, nitaigizaje?"

Ana haki ya kuuliza, na jibu limo katika namna tatizo lenyewe linavyojilisha.

Mwaka 1995 David Clark na Adrian Wells, wanasaikolojia wa Uingereza, walieleza kinachomtokea mtu huyu akiwa mbele za watu. Umakini wake unageuka ndani. Badala ya kumsikiliza anayezungumza naye, anajisikiliza mwenyewe: moyo unavyodunda, uso unavyopata moto, sauti inavyotetemeka. Kwa hayo anajichorea picha ya jinsi anavyodhani wenzake wanamwona, na picha hiyo huwa mbaya kuliko wanachokiona kweli. Kisha anajikinga. Anapanga sentensi kichwani kabla ya kuisema, anashika kikombe kwa mikono miwili kisitikisike, anavaa koti wakati wa joto kuficha jasho, anauliza maswali mengi ili yeye asiulizwe. Au anasema "na." Kinga hizo ndizo zinazoifuga hofu, maana mambo yakiisha salama sifa zote zinakwenda kwa kinga: leo nimenusurika kwa sababu nilipanga maneno. Hapati nafasi ya kugundua kwamba hata asingepanga, angenusurika tu.

Sasa mweke mtu huyo ndani ya hadithi ya neno moja moja. Hawezi kupanga, kwa sababu hajui jirani yake atamwachia nini. Kiswahili nacho kinaongeza utamu: jirani akisema "kiti," wewe unadaiwa "kilivunjika", akisema "mlango," unadaiwa "ulifunguka." Ukiwa unausikiliza moyo wako badala ya kumsikiliza yeye, utatoa "kiti alivunjika," na chumba kizima kitaangua kicheko. Kumwambia mtu "usijifikirie sana" sijaona kukimsaidia yeyote. Kumpa kazi isiyofanyika bila kumsikiliza mwenzake, hilo linamtoa ndani ya kichwa chake bila yeye kujitahidi.

Kicheko chenyewe nakichunga kuliko kitu kingine chochote. Kucheka na kuchekwa ni mambo mawili, na watu wangu wanalijua la pili tu. Kwa hiyo tuna kanuni tangu siku ya kwanza: anayekosea anainua mikono yote miwili, anasema kwa sauti "Nimekosea!", na sote tunampigia makofi. Wiki ya kwanza inaonekana upuuzi. Mimi ndiye ninayefungua dimba la kukosea, na kusema kweli silazimiki kuigiza.

Mchezo ninaoupenda zaidi hauna hata maneno ya kubuni. Kikundi kinahesabu kutoka moja hadi 20, macho chini, bila mpangilio, mtu yeyote anataja namba inayofuata. Wawili wakisema kwa pamoja, tunaanza upya. Tunaanza upya mara nyingi mno. Tukifika 17 tukaanguka, anguko ni la sote, na mtu aliyeishi akiamini kwamba makosa yana jina lake peke yake anajikuta anaguna pamoja na wengine.

Watu hudhani michezo hii imeazimwa jukwaani. Historia yake ni ndefu kidogo kuliko hapo. Viola Spolin, aliyetunga mingi ya msingi, alijifunza kwa Neva Boyd kwenye Hull House, Chicago, nyumba ya huduma za jamii iliyopokea familia za wahamiaji. Boyd alitumia michezo kuwaleta pamoja watoto waliokuwa hawajazoeana. Jukwaa lilikuja baadaye: mtoto wa Spolin, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Second City, ukumbi wa vichekesho vya kubuni papo kwa papo huko Chicago, mwaka 1959.

Mpangilio wa michezo ni nusu ya tiba. Nilijifunza hilo vibaya. Katika moja ya vikundi vyangu vya mwanzo niliwasimamisha watu wawili mbele ya wenzao siku ya kwanza kabisa, nikidhani msisimko utawabeba. Mmoja aliomba ruhusa ya kwenda msalani na hakurudi, si siku ile wala nyingine. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi wiki za mwanzo hazina watazamaji: tunacheza wote kwa mpigo, kisha wawiliwawili huku jozi zote zikicheza wakati mmoja. Kucheza mbele ya wengine kunakuja mwishoni, na kila mtu ana haki ya kusema "napita" bila kutoa sababu. Wala simwombi mtu achekeshe. Kuchekesha ni mtihani mwingine, na mitihani wanayo ya kutosha.

Kabla ya mchezo mgumu kila mmoja anaandika kwenye karatasi anachotarajia. "Nitakosa neno, watanidharau," na anaamini kwa kiasi gani kati ya 100. Baada ya mchezo tunaisoma karatasi. Bila karatasi hiyo mnakuwa mmefurahi tu, na kesho hofu inaamka ilivyolala.

Mwaka 2020 Peter Felsman na wenzake walichapisha jaribio ambamo dakika 20 za kubuni papo kwa papo, zikilinganishwa na shughuli inayofanana lakini yenye maneno yaliyoandikwa tayari, ziliongeza uwezo wa washiriki kuvumilia mambo yasiyo na uhakika. Linanivutia kwa sababu linaigusa ile kinga ya kupanga. Lakini dakika 20 si tiba. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unashauri mtu mzima mwenye tatizo hili apewe kwanza tiba ya utambuzi na tabia (tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na mienendo) ya mtu mmoja mmoja, na mara nyingi ndiko ninakowaelekeza watu kabla ya kuwakaribisha kwenye duara.

Kuna mtego mwingine: mchezo wenyewe unaweza kugeuka kinga. Nimeona mtu anayenguruma akiwa simba halafu anashindwa kumwambia jirani yake jina lake halisi wakati wa mapumziko. Ndiyo maana vikao vya mwisho tunavua wahusika, tunazungumza kama sisi wenyewe bila kupanga, na kila mtu anaondoka na kazi ya nje: uliza swali ambalo hukulifanyia mazoezi.

Na yule wa "na"? Sikumsema. Kikao cha tisa hadithi ilikuwa ya mfalme, imefika "akavaa taji," zamu ikawa yake. Tulikwishajua neno lake. Akanyamaza kidogo, akamwangalia jirani yake usoni.

"Bovu," akasema.

Jirani, mwepesi wa maneno kuliko sote, alibaki mdomo wazi. Kisha akainua mikono yote miwili juu: "Nimekosea!"