Je, wajua kwa nini Uganda inazidi kujaa watu ilhali akina mama wanazaa wachache kuliko zamani?

Karani wa sensa alifika kwetu Bombo, kaskazini mwa Kampala, siku ya tatu baada ya ule usiku wa kuhesabiwa, tarehe 9 Mei 2024. Kishikwambi chake kilikuwa karibu kuzima, na kabla ya jambo lolote aliomba mahali pa kuchaji. Ndipo akaketi mkekani, akamgeukia dada yangu, aliyekuwa amelala kwetu usiku ule: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi?

Dada hajafungua kinywa, habuba akadakia kutoka pembeni, alikokuwa akisuka tabaga lake. "Kumi. Walio hai sita."

(Habuba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Tabaga ni kile kifuniko cha ukili wa rangi kinachowekwa juu ya sinia ya chakula.)

Karani akacheka. "Habuba, zamu yako bado." Dada akajibu la kwake: wawili, wote hai.

Kumi kwa habuba, wawili kwa mjukuu wake. Ukiyasikia majibu hayo mawili pale mkekani utadhani Uganda imepunguza mwendo, na baada ya miaka michache watu watabaki walewale. Kumbe matokeo ya sensa yalipotoka, tulikuwa milioni 45.9. Sensa ya 2014 ilitukuta milioni 34.6. Katika miaka kumi tu nchi imeongeza watu milioni 11.3, yaani wengi kuliko wote waliohesabiwa Uganda nzima mwaka 1969, walipokuwa milioni 9.5. Ni kama Uganda ya utawala wa kwanza wa Rais Obote imeletwa ikamwagwa juu ya Uganda ya juzi, na bado kukabaki watu wa kujaza wilaya kadhaa.

Na si kwamba dada yangu ni kioja. Tafiti za afya ya uzazi zinazofanywa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, zinaonyesha jambo hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Uganda alizaa wastani wa watoto zaidi ya saba. Mwaka 2006 ilikuwa 6.7, mwaka 2016 ikawa 5.4, na mwaka 2022 ikateremka hadi 5.2. Wastani unashuka, watu wanapanda. Vipi?

Tuanze na hesabu ya dukani. Kati ya sensa ya 1991 na ile ya 2002, watu waliongezeka kwa takriban asilimia 3.2 kwa mwaka. Kati ya 2014 na 2024, asilimia 2.9. Kasi imepungua, sawa. Lakini asilimia ni sehemu ya kitu, na kitu chenyewe kimenenepa. Mwaka 1991 tulikuwa milioni 16.7, kwa hiyo asilimia 3.2 yake ni kama watu laki tano na kidogo. Asilimia 2.9 ya milioni 45.9 ni watu milioni moja na laki tatu. Muuza sukari anayepunguza faida yake kwa kila kilo lakini akauza magunia mara tatu haendi nyumbani na pesa kidogo.

Hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu nyepesi. Nusu nzito niliipata nilipochukua daftari nikaandika ukoo wa habuba, upande wa mabinti peke yake ili nisichanganyikiwe.

Habuba alizaa kumi, akazika wanne. Wawili walichukuliwa na surua kabla hawajajua kutembea. Wengine wawili hata yeye hajui kilichowaua, husema tu "homa". Katika sita waliobaki, wanne ni wanawake, mama yangu akiwa mmoja wao. Hao wanne hawakufikia idadi ya mama yao: mmoja alizaa saba, wengine sita, watano na wanne. Jumla ishirini na wawili, na katika hao tumemzika mmoja tu. Nusu yao ni mabinti, kina dada yangu. Mabinti hao kumi na mmoja mpaka leo wamezaa watoto ishirini na saba, na wanne kati yao hawajaolewa bado.

Soma tena ngazi hizo. Mmoja alizaa kumi. Wanne, kila mmoja akizaa pungufu yake, wakatoa ishirini na wawili. Kumi na mmoja, ambao wengi wao hawavuki watoto wanne, wameshatoa ishirini na saba, na daftari halijafungwa. Kila kizazi kimepunguza, na kila kizazi kimeongeza. Katika kizazi cha habuba mama alikuwa mmoja tu, katika kizazi cha wajukuu zake mama ni wengi.

Wataalamu wa idadi ya watu huuita huu msukumo. Mimi naona mgomba unaueleza vizuri zaidi. Mwenye shamba la matoke anajua kila shina huzaa mkungu mmoja likaisha, lakini chini yake limeacha machipukizi. Siku akiamua kuyapunguza, abakize mawili kwa kila shina badala ya matano, shamba halisimami kesho yake. Machipukizi ya miaka iliyopita tayari yako ardhini, yanakuwa mashina, na kila shina linachipua mawili yake. Kisu kimeanza kazi, lakini shamba litaendelea kutanuka misimu kadhaa.

Machipukizi ya Uganda ni mengi kupita kiasi. Sensa ya 2024 ilikuta nusu ya watu wote nchini hawajafika miaka 18. Nusu! Ukipanda taksi ya watu kumi na wanne kutoka Bombo kwenda Kampala, kwa uwiano huo saba wangekuwa watoto. Wasichana waliomo katika nusu hiyo ndio kina mama wa miaka ishirini ijayo, nao wameshazaliwa. Hakuna sera wala sindano ya uzazi wa mpango inayoweza kurudi nyuma ikawapunguza.

Sasa rudi kwa wale wanne aliowazika habuba, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka. Utafiti wa mwaka 2000 na 2001 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, takriban 150 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 52. Chanjo, vyandarua, dawa za malaria na akina mama wengi zaidi kujifungulia kwenye vituo vya afya, hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Umri wa kuishi uliokadiriwa kuwa miaka 48 mwaka 1991, wakati UKIMWI ukifagia vijiji, sasa unakaribia miaka 70. Watu hawakuanza ghafla kuzaa sana. Waliacha kufa.

Na baina ya kifo kupungua na uzazi kupungua huwa kuna mwanya. Mama aliyezika wanne hawezi kumwambia binti yake azae wawili tu. Atamwambia azae wa akiba. Binti akiona wote wake wamepona, ndipo yeye naye atamwambia binti yake jambo tofauti. Kizazi kizima hupita hapo katikati, na ongezeko kubwa hutokea ndani ya mwanya huo. Uingereza na Uswidi zilipita njia hiyohiyo karne ya kumi na tisa, ila kwao vifo vilipungua polepole. Kwetu vimeanguka upesi.

Mtaani utasikia maelezo mengine. La kwanza ni wakimbizi. Kweli Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo, na ukifika Bidibidi kule Yumbe au Nakivale kule Isingiro utaona ni miji kamili. Lakini ongezeko la miaka kumi ni milioni 11.3. Watoe wakimbizi wote, hata waliokuwepo kabla ya 2014, bado zaidi ya milioni tisa ni watoto waliozaliwa humuhumu.

La pili ni wake wengi. Hapa napenda kubishana, maana Bombo kwetu mitala si habari ya gazetini. Mzee mwenye wake wanne na watoto ishirini anaonekana amejaza nchi peke yake. Gawa: ni watano kwa kila mama, chini ya wastani wa kitaifa wa 2022. Takwimu za uzazi humhesabu mama, si baba, na ndivyo ilivyo sawa, ingawa sifa hupewa baba. Nani hajawahi kuona neno Ssalongo limeandikwa kwa herufi kubwa nyuma ya gari? Ni cheo cha baba wa mapacha kwa Waganda. Nnalongo, aliyewabeba tumboni, mara nyingi hana hata baiskeli ya kuandika lake.

Kilichoshusha uzazi hasa ni shule na kodi ya nyumba. Mwaka 1997 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi waliokuwa kama milioni tatu wakapita milioni tano ndani ya mwaka mmoja. Msichana aliye darasani haolewi akiwa na miaka 15. Halafu wazazi wakagundua kwamba bure ile si bure: kuna sare, kuna chakula cha mchana, kuna orodha ya kila muhula yenye ufagio, karatasi za chooni na karatasi za mitihani. Mtoto wa habuba alikuwa jozi ya mikono shambani tangu akiwa na miaka saba. Mtoto wa dada yangu ni mtu wa kulipiwa mpaka apite miaka ishirini.

Dada anaishi Nansana, pembeni mwa Kampala, chumba kimoja. Kwa Luganda chumba kama hicho cha kupanga huitwa muzigo, na kila nikilisikia neno hilo kwa sikio la Kiswahili hucheka peke yangu, kwa sababu mwisho wa mwezi ni mzigo kweli. Kitanda kiko nyuma ya pazia, godoro la watoto husimamishwa ukutani asubuhi, jiko la makaa liko kibarazani. Nilimwuliza kama angependa wa tatu. Akauangalia ukuta wenye godoro. "Nimlaze wapi?"

Wako wengi kama yeye, ndiyo maana mijini wanazaa wachache. Utafiti wa 2016 ulikuta wanawake wa Kampala wana wastani wa watoto 3.5, na wa vijijini 5.9. Karamoja, ambako wasichana wengi hawakuiona shule, wastani ulikuwa karibu wanane. Kwa hiyo "mwanamke wa Uganda" wa takwimu hayupo popote. Ni mchanganyiko wa mtu wa Nansana na mtu wa Moroto kule Karamoja.

Nansana yenyewe inastahili neno moja. Watu wengi hudhani ni Kampala inayofurika. Kampala ilihesabiwa watu milioni 1.8 tu mwaka 2024, kutoka milioni 1.5 miaka kumi nyuma. Iliyofurika ni Wakiso, wilaya inayoizunguka, ambako Nansana na Kira zipo: kutoka milioni 2 hadi milioni 3.4. Mchana watu wako Kampala, usiku wanalala Wakiso, na sensa huhesabu walipolala.

Vijijini msongamano unaonekana kwa njia nyingine. Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, milima imekatwa matuta mpaka kileleni, na tangu miaka ya 1940 wakoloni walishaanza kuhamisha watu kwa sababu ardhi ilikuwa imegawanywa vipande vipande. Upande wa Mlima Elgon, kule Bududa, watu wanalima miteremko ambayo babu zao waliiachia misitu, na mvua kubwa ikinyesha udongo unashuka na nyumba, kama ilivyotokea Machi 2010.

Wanasiasa nao walichelewa kukubaliana kama hili ni tatizo. Rais Museveni kwa miaka mingi aliona watu wengi kuwa ni soko na nguvu kazi, na hoja hiyo si ya kijinga. Nchi yenye wafanyakazi wengi na wategemezi wachache inaweza kukimbia kiuchumi, kama Korea Kusini ilivyofanya. Shida ni hilo neno "wategemezi wachache". Kwetu bado mtoto ni mwingi kuliko mfanyakazi. Julai 2012 Museveni mwenyewe alikuwa London kwenye mkutano wa uzazi wa mpango, na lugha ya serikali ikaanza kubadilika. Makadirio ya Umoja wa Mataifa, ambayo tayari yameshachukulia kwamba uzazi utaendelea kushuka, yanaiweka Uganda juu ya milioni 80 mwaka 2050.

Kuna namba moja tu inayokataa kutikisika, nayo ndiyo hunitia wasiwasi kuliko hizo milioni 80. Mwaka 2006, msichana mmoja katika kila wanne wa miaka 15 hadi 19 alikuwa tayari amezaa au ana mimba. Mwaka 2016, mmoja katika wanne. Mwaka 2022, karibu mmoja katika wanne. Miaka kumi na sita, na hapo katikati shule zilifungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona. Anayeanza kuzaa akiwa na miaka 16 hata akizaa watatu tu amefupisha umbali kati ya kizazi na kizazi, na msukumo ule nao unaenda mbio zaidi.

Binti wa dada yangu alikuwa na miaka tisa siku ile karani alipokuja. Alisimama nyuma ya bega lake akitazama jina lake likiandikwa, kisha akauliza kama yeye pia ataulizwa idadi ya watoto. Karani akamwambia labda sensa ijayo. Dada akapiga hesabu haraka: ikifanyika 2034 kama desturi, mtoto atakuwa na miaka 19.

"Andika kabisa," akamwambia karani. "Sifuri."