Vipandikizi vya meno ya taya zima: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mtu ambaye meno ya taya lake moja yamekwisha, au aliyeambiwa kwamba yaliyosalia hayatadumu, kwa kawaida huelezwa njia mbili kubwa: meno bandia ya kuvaa na kuvua, au safu nzima ya meno inayofungwa juu ya vipandikizi, yaani vijiti vidogo vya titani vyenye umbo la skrubu ambavyo huzamishwa ndani ya mfupa wa taya ili vifanye kazi ya mizizi. Njia hii ya pili husifiwa na kulaumiwa kwa kiwango kilekile, na mara nyingi sifa na lawama zote hutokana na dhana ambazo hazikupimwa. Hapa nimeziweka zile zinazorudiwa zaidi, kila moja pamoja na ukweli wake. Sikuzipa nafasi sawa, kwa kuwa hazina uzito sawa.

Dhana: «Meno mengi yakiwa mabovu, ni afadhali kuyang'oa yote na kuanza upya»

Naianza hii kwa sababu kosa lake halirekebishiki. Jino linalocheza si lazima liwe jino lililokwisha. Ugonjwa wa fizi ukitibiwa, ukoga uliogandamana chini ya ufizi ukaondolewa, mgonjwa akafundishwa kusafisha na akarudi kukaguliwa kila baada ya miezi kadhaa, meno mengi yaliyokwisha kupoteza sehemu ya mfupa wake huendelea kutumika kwa miaka mingi. Jino lililooza hadi kwenye kiini nalo huweza kutibiwa mzizi na kuvikwa taji, yaani kofia ngumu ya kulifunika, mradi sehemu ya kutosha ya jino lenyewe imesalia juu ya ufizi.

Kuna jambo jingine ambalo mgonjwa hulielewa baadaye. Jino la asili halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Limeninginizwa ndani yake kwa nyuzi laini zenye mishipa ya fahamu, na ndizo zinazokujulisha kwamba umeuma punje ya mchanga kabla hujaiponda. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Mwenye daraja, yaani ile safu ya meno inayofungwa juu ya vipandikizi, hutafuna vizuri, lakini hisia ya kiasi cha nguvu anayotumia hupungua, na hiyo ni sababu mojawapo ya meno hayo kumeguka. Zaidi ya hayo, ili daraja lipate nafasi na mpaka wake na ufizi usionekane mtu anapocheka, mara nyingi daktari hupunguza kimo cha mfupa wa taya wakati wa upasuaji. Mfupa huo ukishaondolewa haurudi.

Wapo ambao kung'oa yote kunawafaa kweli: mizizi imepasuka, mfupa uliobaki hautoshi kushika hata nusu ya meno, au mtu ametibiwa jino baada ya jino kwa miaka na kila tiba imeshindwa. Kinachotenganisha hali hizo na nyingine ni uchunguzi wa kila jino peke yake, kwa kipimo cha kina cha mfuko wa ufizi, yaani upenyo ulio kati ya jino na ufizi, na kwa picha ya eksirei. Ukiona pendekezo la taya zima limetangulia uchunguzi huo, tafuta daktari wa pili, ikiwezekana bingwa wa magonjwa ya fizi, ambaye hatanufaika na uamuzi wowote utakaouchukua.

Dhana: «Kila jino hupewa kipandikizi chake»

La. Taya zima hubebwa kwa kawaida na vipandikizi vinne hadi sita, na juu yake hufungwa daraja moja lenye meno kumi hivi hadi kumi na manne. Mpango wa vipandikizi vinne ulienezwa na daktari wa meno Mreno, Paulo Maló: viwili vya mbele husimama wima, na viwili vya nyuma huinamishwa. Mwinamo huo si urembo. Katika taya la juu huepusha kutoboa uwazi wenye hewa ulio juu ya magego, na katika taya la chini huepusha kuugusa mshipa wa fahamu unaotokeza pembeni mwa kidevu, ambao ukijeruhiwa huacha mdomo wa chini na ganzi. Kwa njia hiyo watu wengi wasio na mfupa wa kutosha huko nyuma huepuka upasuaji wa kuongeza mfupa. Uchache huo una bei yake hata hivyo: kimoja kati ya vinne kikishindwa, daraja lote linaweza kukosa mhimili, ilhali kimoja kati ya sita kikishindwa huenda vilivyobaki vikaendelea kulibeba. Mfupa wa taya la juu ni laini kuliko wa chini, na ndiyo maana madaktari wengi hupenda kuongeza idadi huko juu.

Dhana: «Unaingia bila meno, unatoka na meno siku hiyohiyo»

Maneno haya yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Meno yanayofungwa siku ya upasuaji, au siku chache baadaye, ni ya muda. Ya kudumu hutengenezwa baada ya miezi mitatu hadi sita hivi, vidonda vikiwa vimepona na ufizi umetulia katika umbo lake jipya.

Sababu ya kusubiri imo ndani ya mfupa wenyewe. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani, aligundua kwamba vifaa hivyo havikung'oleka tena: mfupa ulikuwa umekua na kushikamana navyo. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kuvifunika chini ya ufizi na kuviacha kwa miezi kabla ya kuvibebesha chochote. Leo inajulikana kwamba vipandikizi vilivyokaza vizuri tangu mwanzo, vikafungwa pamoja kwa daraja moja gumu, vinaweza kubeba meno ya muda mara moja. Hata hivyo, vikitikisika mno katika wiki za mwanzo, mwili hujenga tishu ya nyuzi mahali pa mfupa, na kipandikizi hulegea. Kwa hiyo mwenye meno mapya ya siku moja hula chakula laini kwa wiki kadhaa, na mara nyingi kwa miezi, hata kama hahisi maumivu yoyote. Tena, kukaza huko hupimwa wakati wa upasuaji wenyewe, na daktari mwangalifu huandaa meno ya kuvua kama akiba, endapo mfupa utakuwa laini kuliko ulivyoonekana kwenye picha.

Dhana: «Vipandikizi haviozi, basi havihitaji matunzo na hudumu milele»

Ni kweli kwamba titani haitobolewi na asidi za bakteria. Lakini ufizi na mfupa unaoizunguka ni vilevile vilivyokuwa, na ukoga ukikaa hapo husababisha uvimbe, kisha mfupa huanza kuliwa taratibu. Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake: mara nyingi hauumi hadi sehemu kubwa ya mfupa imekwisha, na tiba yake ni ngumu kuliko ya jino la asili, kwa kuwa skrubu yenye uso wa kukwaruza haisafishiki kirahisi. Mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuupata, kwa sababu kung'oa meno hakuondoi tabia wala maumbile yaliyouleta.

Usafi wenyewe si ule wa dakika mbili za mswaki. Chini ya daraja hubaki upenyo mwembamba ambamo chakula hujipenyeza, nao husafishwa kila siku kwa uzi maalumu, miswaki midogo ya kuingia katikati ya meno, au kifaa cha kurusha maji kwa nguvu. Daraja hili hufungwa kwa skrubu na mgonjwa hawezi kulivua. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka, ambaye macho yamefifia, au ambaye yabisi imekaza vidole vyake, anapaswa kujiuliza nani atamfanyia kazi hii miaka kumi ijayo. Binafsi naona swali hilo lina uzito kuliko idadi ya vipandikizi, na ni nadra kuulizwa.

Kuhusu kudumu, tofautisha vitu viwili. Vipandikizi vyenyewe huishi muda mrefu: tafiti nyingi huonyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi bado vimo mdomoni baada ya miaka kumi, na vya Larsson vilidumu hadi kifo chake mwaka 2006. Kuwamo mdomoni, hata hivyo, si sawa na kuwa na afya, kwa maana kipandikizi kinachopoteza mfupa nacho huhesabiwa kuwa kimo. Meno yaliyo juu yake yana hesabu nyingine kabisa. Yale ya akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, huchakaa, hubadilika rangi na kumeguka, lakini hutengenezeka. Ya zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, ni magumu na hayachakai haraka, ila yakipasuka huenda ikalazimu daraja lote litengenezwe upya. Skrubu nazo hulegea mara kwa mara. Anayepanga bajeti aweke akilini matengenezo hayo pamoja na gharama ya mwanzo.

Dhana: «Bila vipandikizi vya taya zima, utabaki na meno yanayoteleza maisha yote»

Kati ya ncha hizo mbili kuna njia ya tatu ambayo hutajwa kidogo mno. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitoa tamko kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, chaguo la kwanza linapaswa kuwa meno ya kuvua yaliyoshikizwa kwenye vipandikizi viwili tu, badala ya meno bandia ya kawaida. Meno hayo hubanwa kwa vifungo, hayaelei mtu anapoongea, na usiku huvuliwa na kusafishwa kwenye sinki. Upasuaji wake ni mdogo na gharama yake pia.

Walitaja taya la chini kwa makusudi. Meno bandia ya chini hukaa juu ya ukingo mwembamba wa mfupa huku ulimi ukiyasukuma. Ya juu hunyonya kaakaa na mara nyingi hutulia vizuri bila msaada wowote. Vilevile, mfupa wa mbele wa taya la juu ukiwa umesinyaa sana, mdomo wa juu huporomoka ndani, na meno ya kuvua huweza kuwa na ukuta wa plastiki wa kuujaza, jambo ambalo daraja lisilovuliwa haliwezi kulifanya bila kuleta shida ya usafi. Kwa uso wa namna hiyo, meno ya kuvua yanaweza kupendeza kuliko yale ya bei kubwa.

Dhana: «Mzee au mwenye kisukari hafai»

Umri mkubwa peke yake si kizuizi. Anayekatazwa kwa sababu ya umri ni kijana ambaye mataya yake bado yanakua. Kisukari kilichodhibitiwa kwa kawaida hakizuii, ilhali kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na huongeza maambukizi. Uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa, na mvutaji asiyekusudia kuacha anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani sehemu ya taya, au anayetumia dawa za kuzuia mfupa kumomonyoka, hasa zile za sindano wanazopewa wagonjwa wa saratani, ana hatari ya mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji. Amweleze daktari wa meno dawa zote alizotumia hata miaka iliyopita, wala asiache dawa yoyote kwa hiari yake kabla ya kushauriana na aliyemwandikia. Anayesaga meno usingizini si lazima akataliwe, ila atahitaji kuvaa kinga usiku.

Dhana ndogo mbili

Wengine huhofia kwamba titani itawazuia kupigwa picha kwa mashine yenye sumaku. Titani haivutwi na sumaku kama chuma, na kwa kawaida picha hupigwa salama, ingawa sehemu iliyo karibu na taya inaweza kuonekana na ukungu. Wengine huhofia maumivu ya upasuaji, ambayo kwa kweli huzuiwa vizuri na dawa ya ganzi, pamoja na dawa ya kutuliza kwa anayehitaji. Kinachosumbua zaidi ni uvimbe wa siku mbili au tatu zinazofuata.

Dhana: «Kazi ikiisha, karatasi hazina maana»

Kampuni zinazotengeneza vipandikizi ni nyingi, na skrubu ya moja mara nyingi haingii kwenye kipandikizi cha nyingine. Mtu akihama, au daktari wake akistaafu, daktari mpya anayetaka kulifungua daraja ili alisafishe huhitaji kujua jina la mtengenezaji, aina, kipenyo na urefu wa kila kipandikizi, la sivyo huanza kubahatisha kwa kutazama eksirei. Omba maandishi hayo siku ya upasuaji, pamoja na nakala ya picha, na uyaweke mahali ambapo hata ndugu zako wanaweza kuyapata.