Je, wajua? Chokaa nyingi inaweza kumpindisha kifaranga miguu

Huku Dodoma wafugaji wengi tunajichanganyia chakula wenyewe, na sababu iko wazi, mahindi yapo Kibaigwa, mashudu ya alizeti yanatoka Singida na hapa hapa kwetu, mtama upo, sasa cha kiwandani cha nini. Shida inaanza vifaranga wa broila wakifika wiki ya pili ya tatu hivi, mmoja anakaa kitako hanyanyuki, goti limevimba, mguu umeenda pembeni. Jirani anakwambia huyo hana kalsiamu, muongezee chokaa. Unaongeza, na wanaopinda wanazidi kuongezeka!

Kwa nini? Kumbe mfupa haujengwi na kalsiamu peke yake. Mfupa unaanza kama gegedu, yaani mfupa laini, na kulitengeneza hilo gegedu vizuri kuku anahitaji madini yanaitwa manganisi. Ikipungua, mfupa unakuwa mfupi mnene, goti linatanuka, afu ile kano nene ya nyuma inateleza inatoka mahali pake, ndo mguu unageuka. Ikishateleza hairudi hata umpe nini, huyo mchinje tu, unachorekebisha ni chakula cha wenzake.

Sasa chokaa inaingiaje hapo, ni kwamba kalsiamu na fosforasi zikizidi kwenye utumbo zinaishika manganisi isinyonywe, inaishia kwenye maranda na kinyesi. Na hili wala sio jipya, miaka ya 1930 huko Marekani ilionekana kuku waliopewa unga mwingi wa mifupa (nao una kalsiamu na fosforasi) ndo waliopinda zaidi, na watafiti wakaja kuona kwamba manganisi kidogo tu inazuia.

Kidogo kweli kweli. Mwongozo wa National Research Council ya Marekani wa 1994 unataka broila apate miligramu 60 za manganisi kwa kila kilo ya chakula, na madini mengine pia, zinki 40, seleniamu 0.15. Piga hesabu kwenye mfuko wa kilo 50: manganisi gramu 3, zinki gramu 2, seleniamu haifiki hata sehemu moja ya mia ya gramu. Ndo maana inauzwa ikiwa imeshachanganywa kwenye primiksi, ule unga wa madini na vitamini wa kuongeza kwenye chakula, maana kupima mwenyewe haiwezekani, na seleniamu ikizidi ni sumu.

Mtu atauliza, mbona kuku wa kienyeji wa Singida hajui primiksi na anatembea vizuri tu? Yule anakula kumbikumbi, panzi, majani, anaparua udongo kutwa nzima, na anakua taratibu. Broila anatakiwa afike kilo mbili ndani ya wiki sita, na amefungiwa, anategemea ulichomwekea tu. Tena mahindi na mashudu yana zinki ndani yake, ila imefungwa na kitu kinaitwa faiteti ambacho tumbo la kuku linashindwa kukivunja vizuri, na hapo tena chokaa ikizidi ndo inaifunga kabisa. Manyoya machache yaliyokatika katika na ngozi ya miguu yenye magamba ni dalili za zinki kupungua.

(Sio kila mguu mbovu ni madini jamani. Vidole vikikunjwa kama ngumi fikiria vitamini B2, na mguu mmoja mbele mwingine nyuma inaweza kuwa mareksi, ugonjwa wa virusi, hapo muite daktari wa mifugo.)

Kwa kuku wa mayai hesabu inabadilika. Yai moja linabeba karibu gramu 2 za kalsiamu kwenye ganda, kwa hiyo anayetaga anahitaji kalsiamu asilimia 3.5 mpaka 4 ya chakula, wakati kifaranga inamtosha asilimia 1. Ukimpa kifaranga chakula cha watagaji kwa kubana matumizi unamharibia miguu na figo. Na hata mtagaji, ganda likiwa laini wakati chokaa ipo ya kutosha, angalia zinki na manganisi, maana zote mbili zinahusika kwenye kulitengeneza.

Kwenye kuchanganya, usimwage primiksi moja kwa moja juu ya lundo ukageuza na sepetu mara mbili ukasema tayari, utakuta kuku wengine wamekula nyingi wengine hawajapata kabisa. Changanya kwanza na kilo chache za pumba mpaka rangi ifanane, ndo utawanye kwenye lundo zima, ugeuze tena na tena. Na ile ya kupimiwa kwenye kiroba kilichokaa wazi juani achana nayo, madini yatakuwepo lakini vitamini zake zitakuwa zimeshakufa.