Mashini haipambi sahani yenyewe

Juzi tena, mteja kasimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Katuba, Lubumbashi: "Yaya, si ni mashini inafanya? Punguza bei basi." Ni wa ngapi mwezi huu, nimeacha kuhesabu.

Mashini ninayo, sikatai. Mkono mdogo wa roboti wenye mota nne, gurudumu la kuzungushia, brashi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kugawa ukingo wa sahani sehemu 24 na kutia nukta, hapo siiwezi wala sishindani nayo. Sifa zake zinaishia hapo.

Watu wanadhani mstari ni njia tu: toka hapa, fika pale. Kwenye karatasi, labda. Biskwi, yaani chombo cha udongo kilichochomwa mara ya kwanza, inakunywa. Brashi ikigusa, maji yameshavutwa na rangi imekaa. Mtu akichora jani huharakisha katikati, hulegeza nchani, na vidole vinasikia brashi inapoanza kukauka. Roboti ikifika konani inapunguza mwendo ili igeuke, na hapo hapo kobalti, rangi yangu ya buluu, inarundikana. Kwa macho hugundui: oksidi yake kabla ya kuchomwa ni nyeusi, iliyopakwa nzito na nyepesi karibu zinafanana. Ngoja tanuri lifunguliwe. Asilimia 1 tu ndani ya glezi, ile ngozi ya kioo juu ya chombo, hutoa buluu kali, sasa fikiria rundo zima. Unakuta baka jeusi katikati ya ua. Bakuli zilizonifundisha hilo ziko nyuma ya nyumba, vipande vipande. (Na kobalti inachimbwa huku huku kwetu, halafu naenda kuinunua kwenye kopo lililotoka ng'ambo. Tuache.)

Tena sahani ya mkono haiwi duara kamili. Ikipinda milimita 2, brashi inaelea hewani au inajikandamiza. Kwa hiyo kila sahani napima, narekebisha, nakoroga rangi upya. Hiyo nayo inafanya mashini?

Wale wa "mkono mtupu ndiyo kazi halali" nawajibu kwa ufupi: mafundi wa vyombo wa Delft, Uholanzi, walipitisha unga wa makaa kwenye karatasi yenye matundu ili michoro ifanane. Hakuna aliyewaita walaghai.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Siku hizi nachora jani mara moja, kamera inashika mwendo wa mkono wangu, roboti inaurudia. Linatoka zuri. Sahani ya kwanza natia jina langu chini bila kuwaza. Ya 40, kalamu inasita. Wiki iliyopita sita nimeziacha bila jina.

Bei ni ile ile.