Daftari la vipimo ndilo linanishikia wateja

Kuna watu wananiuliza inakuwaje mama anatoka Tororo, anapita mafundi kumi njiani mpaka anifikie mimi hapa Busia, Uganda, na duka langu ni dogo, cherehani tatu na kijana mmoja wa kunisaidia. Nawaambia ni daftari, wanafikiri nawaficha kitu, basi wacha nieleze.

Kila kastoma ana ukurasa wake. Juu naandika jina vile yeye anapenda aitwe, maana mwalimu hata akistaafu bado ni Mwalimu, halafu simu, halafu vipimo na tarehe niliyompima. Hapo kila fundi anafika. Lakini pembeni mimi naandika pia maneno yake mwenyewe, kwamba hataki zipu ya mgongoni kwa sababu anaishi peke yake na hakuna wa kumfungia, kwamba mkono usibane maana bado anabeba mtoto, kwamba binti yake ana kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, mwezi wa nane na gomesi, yale magauni marefu ya kina mama, zitahitajika mapema. Akirudi baada ya miezi sita namuuliza, "Mama, zipu tuweke ubavuni kama ile ya kwanza?" na unaona kabisa uso umefunguka. Hiyo huwezi kuinunua kwa matangazo, mimi naamini hivyo kabisa.

Mdomo nao unafukuza watu. Miaka ya nyuma dada mmoja alikuja kushona gauni la kitenge, alikuwa ametoka kujifungua, nikampima kiuno nikaisoma namba kwa sauti ili kijana aandike, tena nikaongeza, "Eh, umeongezeka sana." Kwenye benchi watu wanne wanangojea. Alilipa dipoziti, gauni akaja kuchukua mdogo wake, yeye hakurudi. Iliniuma sana, alikuja amechoka, mwili wenyewe bado hajauzoea, mimi nikautangaza. Tangu hapo namba kwangu hazisomwi, naweka kidole kwenye alama ya tepu, kijana anaangalia anaandika kimya, na pazia la kupimia watu tulishona kwa bitana iliyobaki.

Kuhusu tarehe nitasema kidogo tu kwa sababu kila mtu anajua sisi mafundi tumejiharibia jina na hii "njoo kesho", hasa Idi na Krismasi. Naandika tarehe mbili, ya mteja na yangu ambayo inatangulia kwa siku tatu, na nikiona kazi imenishinda napiga simu mimi kabla hajapanda teksi. Mtu amelipa nauli kwenda na kurudi halafu akute kitambaa bado hakijakatwa, huyo amekwenda.

Lakini daftari lilinionyesha thamani yake wakati wa korona. Nusu ya kazi yangu ilikuwa yunifomu, na shule zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022, katikati waliitwa wa madarasa machache tu. Karibu miaka miwili bana! Nikaanza kupiga simu ukurasa kwa ukurasa, watu watano kwa siku, siombi kazi, nauliza tu nyumbani muko salama, mzee kifua kinaendeleaje, wengine tuliongea dakika moja wengine walilia. Mwezi wa tano 2020 serikali iliposema barakoa ni lazima, hao hao ndio walinipigia, huyu anataka ishirini za familia, yule anataka mia za kanisa. Halafu Januari 2021, karibu na uchaguzi, Facebook ikafungwa nchi nzima, na rafiki yangu anayeuza nguo za watoto wateja wake wote walikuwa huko kwenye ukurasa wake, namba ya simu hana hata moja. Ndiyo maana nasema chukua namba, iandike kwa kalamu.

Na ukishaiandika itunze. Tuko na sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, wengi wanafikiri ni ya mabenki na kampuni za simu, lakini jina na simu na kiuno cha mtu ni data pia. Daftari langu linalala kwenye droo yenye kufuli, na picha ya mteja haiingii status ya WhatsApp mpaka mwenyewe aseme sawa.

Yule dada wa gauni naye nilimpigia katika zile simu za korona, namba ilikuwa bado inaingia. Nikamwomba msamaha, akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa fundi." Krismasi iliyopita alimleta binti yake mkubwa apimwe, mimi na binti tukaingia nyuma ya pazia, yeye akabaki kwenye benchi anaongea na wenzake.