Je, Wajua Jinsi Inavyothibitishwa kwamba Kereng'ende Mgeni Amezaliana Mtoni?

Mtu anayemwona kereng'ende wa aina ngeni akiruka juu ya mfereji huamini kwa haraka kwamba aina hiyo imehamia hapo. Akiona jozi iliyoshikamana huzidi kushawishika, na akimkuta jike akipenyeza mayai ndani ya shina la mmea wa majini haoni tena la kuuliza. Dhana hiyo inaeleweka, lakini kila hatua yake ina pengo.

Tuanze na mdudu mzima. Kereng'ende wembamba wa kundi la Zygoptera, ambao wengi wao hukunja mabawa juu ya mgongo wanapotua, huonekana dhaifu angani, ilhali upepo unaweza kuwabeba hata kuwavusha bahari. Kuonekana kwa mmoja wao kunathibitisha kwamba amefika, basi. Kushikamana nako hakutoshi, kwa sababu dume humkamata jike nyuma ya kichwa popote wanapokutana, pawe panafaa kulea kizazi au pasifae. Hata mayai yaliyokwisha kutagwa ni jaribio tu: maji yanaweza kukauka kabla tunutu, yaani watoto wa kereng'ende wanaoishi majini, hawajakomaa, samaki wanaweza kuwamaliza, au majira ya baridi yakawaua wote.

Dhana hiyo hukosea upande wa pili pia. Katika visiwa vya Azores, vilivyo katika bahari ya Atlantiki, wanaishi Ischnura hastata, aina yenye asili ya mabara ya Amerika, na huko wote ni majike ambao mayai yao huanguliwa bila kurutubishwa. Mtazamaji anayesubiri kuona jozi hapo angesubiri bure, huku wadudu wakizaliana mbele ya macho yake. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika elimu ya wadudu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni gamba tupu analoliacha tunutu. Baada ya kuishi majini akiwinda viumbe wadogo na kupumua kwa msaada wa matamvua matatu yaliyo mkiani, tunutu aliyekomaa hupanda shina au ukingo wa mfereji na kujishikiza kwa makucha. Ngozi hupasuka mgongoni, kwenye kifua, na mdudu mzima hujisukuma nje: kichwa, miguu, kisha tumbo. Ndani ya gamba lililobaki huonekana nyuzi nyeupe, ambazo ni utando wa ndani wa mirija yake ya hewa. Mtu akichomoa mkono kwa nguvu kutoka katika koti linalobana, bitana la mkono wa koti humfuata na kujitokeza nje. Vivyo hivyo utando huo huchomolewa pamoja na mwili, ukabaki umening'inia pale alipotokea. Hakuna upepo unaoweza kumleta tunutu kutoka nchi nyingine ukamweka juu ya shina hilo, kwa kuwa amefika hapo kwa miguu kutoka katika maji yaliyo chini yake. Ushahidi unaofuata kwa uzito ni kereng'ende mchanga mwenye rangi iliyofifia na mabawa yanayong'aa, ambaye bado hana nguvu ya kuruka mbali.

Hata hivyo, gamba linahitaji tahadhari. Magamba ya aina zinazokaribiana hufanana sana, na mara nyingi ni lazima kuchunguza matamvua na vinyweleo vya mdomo wa chini kwa hadubini. Aidha, mayai au tunutu huweza kusafirishwa ndani ya mimea ya majini inayouzwa, kwa hiyo gamba lililopatikana katika bwawa lililopandwa karibuni halina uzito sawa na la mto usioguswa. Tena gamba moja ni habari ya kizazi kimoja, na aina huhesabiwa kuwa imekita mizizi pale tu magamba yanapopatikana mwaka baada ya mwaka.

Uingereza inaonyesha jinsi mambo haya yanavyokwenda. Kereng'ende mwembamba wa aina ya Erythromma viridulum alionekana huko kwa mara ya kwanza mwaka 1999, katika jimbo la Essex, kisha akaenea kwa kasi. Aina nyingine, Chalcolestes viridis, aliyeonekana katika jimbo la Suffolk mwaka 2007, ana tabia inayomsaidia mtafiti: jike hutaga ndani ya gome la matawi ya mierebi na miti mingine inayoinamia maji, akiacha safu za makovu yaliyovimba. Makovu hayo huonekana vizuri majani yakishapukutika, wakati ambapo ni nadra kumwona kereng'ende mzima akiruka. Ni alama nzuri ya kuchora ramani ya kuenea kwake, ingawa peke yake huthibitisha kutaga tu. Coenagrion scitulum naye aligunduliwa Essex mwaka 1946, akatoweka baada ya mafuriko ya bahari ya mwaka 1953, na hakuonekana tena nchini humo hadi mwaka 2010, katika jimbo la Kent.

Anayetaka kutafuta magamba na achunguze mashina yaliyosimama majini na mimea ya ukingoni, asubuhi yenye utulivu, kabla mvua au upepo haujayaangusha. Kuyachukua hakumdhuru mdudu yeyote, na yakihifadhiwa makavu katika kikopo kilichoandikwa mahali na tarehe, mtaalamu anaweza kuyapima hata baada ya miaka mingi.